Wote Walipumua Mara Ishirini

Mke wa mwanangu ni daktari. Hospitalini wanamwita Dakika. Jina hilo alipewa na wauguzi, na hawakumpa kwa upendo.

Sababu yake ni hii. Ukitaka kujua mgonjwa anapumua mara ngapi, unatazama kifua kinavyopanda na kushuka, huku jicho la pili liko kwenye saa. Wengi huhesabu robo dakika, wakazidisha kwa nne. Wengine hawahesabu kabisa. Yeye huhesabu dakika nzima. Husimama kando ya kitanda, ametulia, kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Watu hupita nyuma yake wakikonyezana.

"Dakika keshaanza," husema. "Leo hatutoki hapa."

Mimi ni fundi mwashi. Niliacha kazi kwa sababu ya magoti. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na mke wangu mezani, baada ya kuoana. Nitaandika ninayoyajua, basi.

Huyu binti aliingia kwetu miaka tisa iliyopita. Mwanangu ni dereva wa malori, safari zake za wiki mbili, tatu. Alimleta Jumapili moja. Baba yake alikuwa fundi viatu, na alimsomesha kwa viatu vya watu. Alikuwa mwembamba, kimya, mwavuli kausahau kwenye gari. Mke wangu akampeleka jikoni kumpima.

"Unajua kupika nini, mwanangu?"

"Najua kuchemsha, mama."

"Kuchemsha nini?"

"Maji. Na mikasi."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile wakawa kitu kimoja. Mwanangu akabaki kama mshenga aliyewakutanisha, kazi yake imekwisha.

Alikuwa msahaulifu. Alisahau kula, alisahau funguo, mara moja alikwenda kazini na ndala moja yake na moja ya mke wangu. Lakini akihesabu kitu, hakikumtoka. Mke wangu alimwuliza siku moja kwenye ngazi ya nyumba yao kuna vipandio vingapi. "Kumi na saba, mama. Cha sita kimepasuka." Mimi ndiye niliyeijenga ile ngazi na sikuwa nakumbuka.

Siku moja alikuja na barua. Hakukaa. Aliisoma amesimama.

"Wamechukua kumi na wawili, baba. Hospitali nzima."

Akatueleza. Hospitali yao ni ya kufundishia. Daktari anatibu, anafundisha wanafunzi, na akipata mvi anapewa wodi aiongoze. Ila hakuna aliyemfundisha kuongoza, wala kuchunguza jambo mpaka likathibitika. "Ni kama mtoto wa kwanza anavyoachiwa wadogo zake," alisema. "Anawalea kwa makofi." Sasa wameanzisha mafunzo ya miaka miwili. Anaendelea na kazi, lakini siku mbili za wiki anakaa darasani. Anafundishwa utafiti, anafundishwa uongozi. Kila mmoja ana mlezi wake. Wa kwake alikuwa Profesa, mkuu wa idara. Na kila mmoja anafanya utafiti mmoja ndani ya wodi yake. Mwisho anasimama mbele ya jopo. Akifaulu, anapewa wodi aiongoze.

Yeye aliitaka wodi ya wanawake. Nalisema wazi, maana ndilo jambo lenyewe: aliitaka sana. Alikuwa ameifanyia kazi miaka kumi na moja. Aliona wanawake wakifia mle ambao yeye alijua siku yao haikuwa imefika.

"Wanipe ile wodi miaka mitatu tu," alisema. "Mitatu. Halafu wanifukuze."

Mke wangu alipenda kumchokoza kuhusu lile darasa.

"Leo mmefundishwa nini huko, kiongozi?"

"Tumebandika karatasi za rangi ukutani, mama. Kila mtu aandike ndoto yake ya wodi."

"Na wewe ukaandika nini?"

"Kitasa cha choo."

"Hiyo ndoto kubwa mno, mwanangu. Ungeanza na mlango."

Utafiti wake ulianzia mezani kwetu. Kwao kulikuwa na kelele za karakana chini, kwa hiyo alikuja kwetu na maboksi ya karatasi za zamani za wodi. Kila mgonjwa ana karatasi yake inayoning'inia miguuni pa kitanda. Safu ya joto, ya mapigo ya moyo, ya presha, ya pumzi. Alikuwa nazo elfu moja.

"Baba, wewe unajua tarakimu. Hebu nisomee safu hii ya mwisho."

Nikasoma. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Kumi na nane. Ishirini. Nikageuza nyingine. Ishirini.

"Wote wanapumua sawa?"

"Ndilo swali langu, baba. Huyu hapa alikufa saa tisa. Saa nane kaandikiwa ishirini."

"Ukuta wenye matofali yote sawa haujajengwa," nilisema. "Umechorwa."

Aliyaandika maneno hayo pembeni ya daftari. Sijui aliyafanyia nini.

Alinieleza inavyotokea. Joto lina kipimo, unakisoma. Presha ina mashine. Pumzi haina chombo. Lazima mtu asimame atazame. Na wauguzi ni wawili, vitanda arobaini. Basi zamu ikikaribia kwisha, kabla ya kukabidhiana, mmoja anakaa na rundo la karatasi na kuijaza safu ile yote kwa kalamu moja. Ishirini ni namba ya heshima. Haiulizwi na mtu.

"Si ubaya wao, baba," alisema. "Hata mimi nikiwa mwanafunzi nilijaza ishirini."

Akamtafuta muuguzi mstaafu, mama mmoja tuliyemwita Bi Saa, kwa sababu alibana saa kifuani kama zamani. Kazi yake ilikuwa kuingia wodini saa za mchana, kuwahesabia pumzi wanawake waliotokea kwa bahati nasibu, dakika nzima kila mmoja, kisha aondoke. Baadaye hesabu yake ingelinganishwa na ile ya kwenye karatasi. Wauguzi wasijue alichopata, maana mtu akijua anapimwa hubadilika. Majina yasiandikwe. Kila mwanamke apewe namba na Bi Saa, na orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya nani aikabidhi kwa mkwe wangu imekunjwa, ikae kwenye droo yake, imefungwa. Ndio utaratibu wao, kulinda siri ya mgonjwa.

Na kulikuwa na kifungu kimoja zaidi. Pumzi zikizidi thelathini, Bi Saa amtumie ujumbe mkwe wangu palepale, naye amjulishe daktari wa zamu. Kifungu hicho alikiweka yeye mwenyewe. Kamati yao ikakipenda.

Bi Saa alikuwa ameshahesabu wanawake hamsini na kitu mke wangu alipougua.

Kilikuwa kifua. Alikohoa wiki nzima akisema ni vumbi. Jumatatu hakuweza kupanda ngazi. Mkwe wangu akamshika mkono, akamwingiza kwenye wodi yake mwenyewe, kitanda cha nne. Alipewa sindano. Jumatano alikuwa anawasema wagonjwa wenzake.

Alhamisi asubuhi mkwe wangu alipita kabla ya darasa. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kusimama mbele ya wenzake kumi na mmoja na Profesa, aeleze ataiongozaje wodi akipewa. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo mke wangu alimshonea. Alinyanyua karatasi miguuni pa kitanda.

"Homa imeshuka. Presha nzuri. Pumzi ishirini. Mama, Jumamosi uko nyumbani."

Nilikuwepo, nilimsikia. Yeye, mwenye karatasi elfu moja mezani kwangu, alisoma ishirini akaamini. Nami niliamini. Ilikuwa habari njema.

"Nenda kaongoze," mke wangu alimwambia. "Sisi tutakufuata polepole."

Akamminya kidole cha mguu juu ya blanketi, akaondoka.

Nilirudi saa sita, saa ya kuwaona wagonjwa. Walikuwa wamemhamishia kitanda cha tisa, karibu na dirisha, kwa sababu jirani yake alikuwa akipiga kelele. Alikuwa anaongea kwa vipande. Neno moja, anapumzika. Neno jingine. Nikamwendea muuguzi. Alikuwa na trei mkononi na wagonjwa watatu wanamwita.

"Dada, mke wangu hapumui vizuri."

Alikuja, sisemi hakuja. Akatazama karatasi. "Mzee, hapa ni ishirini. Iko sawa. Ni uchovu, mwache alale."

Nikasema ahsante. Miaka arobaini nimejenga kuta na sikuwahi kumwamini mtu aliyeniambia ukuta umenyooka bila timazi. Siku ile nikasema ahsante.

Kama saa saba na nusu aliingia mama mmoja mwenye sweta jeupe. Alisimama mbele ya mke wangu kimya, anatazama saa ya kifuani. Hapo sikuwa namjua Bi Saa kwa sura. Akaandika kitu, akakikunja kikaratasi, akatoka anachapua mwendo.

"Yule naye," mke wangu akasema. "Ananitazama... kama kitenge... dukani."

Saa nane mlinzi akapiga kengele, wageni tukatolewa. Nilimwambia nitarudi jioni. Alinionyesha mkono, kwamba nenda, nenda.

Alifariki saa kumi na nusu.

Ya mazishi siandiki.

Siku kumi na moja baadaye, mchana, mkwe wangu alibisha hodi. Mwanangu alikuwa ameshaitwa kazini. Nilikuwa peke yangu, natengeneza mguu wa kiti. Aliingia akasimama katikati ya chumba.

"Kaa, mama."

"Sikai, baba. Nina neno."

"Si useme umekaa?"

"Nikikaa sitalisema."

Basi akasema amesimama. Bi Saa alihesabu pumzi thelathini na nne. Akatuma ujumbe saa saba na dakika arobaini: namba sitini na moja, thelathini na nne. Mkwe wangu aliuona. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, anayefuata kusema ni yeye. Akajisemea, dakika ishirini tu, nikimaliza natoka. Akasimama akasema. Alisema vizuri. Wakamwuliza maswali. Profesa akasifu mbele ya wote. Wakapiga makofi. Alipotoka nje ilikuwa saa tisa na robo.

Akampigia daktari wa zamu. Namba sitini na moja yuko hali gani? Yule akamjibu, "Sitini na moja ndiyo nani? Huku tuna vitanda arobaini."

Hapo ndipo alipoona. Kifungu chake kilisema nani apewe taarifa. Hakikusema kitanda. Bi Saa alishakwenda zake, simu hapokei. Majina yalikuwa kwenye droo, droo ina kufuli, funguo anazo yeye, na yeye yuko jengo la pili. Alikimbia uwanjani na lile gauni. Akafungua droo, akapitisha kidole kwenye orodha.

"Niliposoma jina, baba, nilidhani nimekosea mstari. Nikaanza tena kutoka juu."

Alifika kitandani saa tisa na dakika arobaini. Wakamwekea hewa, wakafanya yote. Walikuwa wamechelewa.

Mimi nilikuwa nimeshika nyundo. Niliiweka chini, maana sikuupenda mkono wangu.

"Ulijua siku tunamzika?"

"Nilijua."

"Ukanishika mkono pale kaburini."

"Ndiyo, baba."

Nje mtu alikuwa anaosha gari, redio inaimba.

Nikamwuliza, "Na angekuwa mama wa mtu mwingine?"

Aliutazama ule mguu wa kiti.

"Nakuuliza. Angekuwa wa mtu mwingine, ungekwenda kwao ukasimama hivi?"

"Nadhani ningeandika kwenye safu, baba. Amefariki. Halafu ningeendelea na sitini na mbili."

Nikamwambia aende. Sikumfukuza. Nilimwambia tu, nenda kwanza.

Wiki iliyofuata alikuja Profesa. Peke yake, na gari lake mwenyewe. Ni mtu mkubwa wa mwili, mpole. Alileta pole, akakaa kwenye kiti nilichokitengeneza mguu, nikaomba Mungu kisikatike.

Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Mzee wangu," alisema, "binti yako amenieleza. Anataka kulisema lote mbele ya jopo."

"Ni mke wa mwanangu."

"Huyo ni binti, mzee, tusidanganyane. Nami namlea kazini kama wewe unavyomlea hapa. Kwa hiyo nisikilize. Kanuni zetu zinasema ndugu wa mtafiti asiwemo kwenye utafiti wake. Ni kanuni ya kweli, haikutungwa jana. Kwa hiyo namba sitini na moja haikupaswa kuwemo tangu mwanzo. Inatoka. Wanabaki wanawake mia moja na kumi na tisa. Anafaulu. Anapewa wodi. Ndani ya mwaka mmoja hakuna tena ishirini za kubuni mle. Ni wangapi watapona?"

"Na akisema?"

"Akisema, watamtoa kwenye mafunzo. Hawana budi. Alipewa taarifa akakaa. Wodi atapewa mwingine. Nimewafundisha wote kumi na wawili, mzee. Namjua atakayepewa. Anaongea kama redio. Hajui hata choo cha wodi kiko wapi."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilisema kwamba sisi familia tunaomba taarifa za marehemu zisitumike. Palikuwa na mstari wa saini.

Nilikuwa na swali moja.

"Mkiitoa hiyo namba, Profesa, zile hesabu zenu zingine zinabadilika?"

"Hazibadiliki hata chembe," alisema, na nadhani alitaka kunituliza. "Ni mmoja tu kati ya mia na ishirini."

Nikamwambia aiache karatasi, nitaitazama.

Niliitazama siku nne. Nilikula nikiitazama. Sikuwa namtakia mabaya yule binti, ila sikuwa namtakia mema pia, na hiyo ndiyo shida. Nikitia saini kwa kumpenda, mke wangu anafutwa. Nikikataa, je, nakataa kwa haki au kwa kisasi? Sikuweza kuvitenganisha. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananitenganishia mambo kama hayo.

Siku ya tano alikuja. Safari hii alikaa.

"Umetia saini, baba?"

"Bado. Unataka nitie?"

"Nataka useme wewe."

"Ala! Mimi tena? Ni mimi niliyefundishwa kuongoza?"

Lilinitoka vibaya. Alilipokea.

"Naiogopa ile wodi, baba," alisema. "Nikinyamaza, naipata, najua nitafanya nini tangu siku ya kwanza. Nikisema, inakwenda kwa yule. Watakufa wengine. Na hao hawatakuwa kwenye daftari la mtu yeyote."

"Na ukiipata kwa kunyamaza?"

"Nitakuwa kiongozi mzuri," alisema. "Na siku muuguzi akija kuniambia kosa lake, nitamtazama usoni kwa jicho lipi?"

Nikaichukua ile karatasi nikamrudishia, mstari mtupu.

"Saini yangu sitoi," nikasema. "Hilo tu ndilo langu. La kusema au kutosema ni lako, na sitakuuliza."

Jopo lilikaa Jumanne asubuhi, kwenye ukumbi wa hospitali wenye viti vya kukunja. Nilikwenda. Hakunialika, lakini mlinzi wa mlangoni niliwahi kumjengea choo, akanipitisha. Nikakaa nyuma. Mbele walikuwa watano mezani, Profesa mmoja wao, na daktari mmoja mwanamke aliyetoka hospitali nyingine. Pembeni walikaa wauguzi wa ile wodi na sista wao mkuu, mikono imekunjwa. Walijua wanakuja kuaibishwa.

"Leo Dakika anatuanika," nilimsikia mmoja.

"Mwache aanike. Jua litafika na kwake."

Mkwe wangu alisimama. Alionyesha safu zake ukutani. Karatasi zinasema ishirini, Bi Saa anasema ishirini na sita, ishirini na nane, thelathini na moja. Alisema kwa nini. Alitaja wauguzi wawili na vitanda arobaini, akasema kosa hilo hata yeye alilifanya. Sista akakunjua mkono mmoja.

Kisha akasema, "Wanawake walikuwa mia moja na ishirini. Kwenye kitabu mlichonacho, kilichochapwa kabla familia haijajibu, mmepewa mia moja na kumi na tisa."

Profesa akavua miwani.

Akaeleza namba sitini na moja. Hakulia. Alisema saa moja baada ya nyingine, kama anavyosoma vipimo. Alisema ni mama mkwe wake, na kwamba hilo halikuongeza wala kupunguza kosa, maana alipoacha ujumbe ukae hakujua ni nani.

Yule daktari mgeni akamwuliza, "Ujumbe uliuona saa saba na dakika arobaini. Kwa nini hukutoka darasani?"

"Nilikuwa nangoja zamu yangu."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kueleza nitakavyoiongoza wodi."

Mtu mmoja kwenye viti vya kukunja alicheka. Kicheko kifupi, kikamkatikia kooni.

Barua ilitoka siku ya tatu. Walimtoa kwenye mafunzo. Utafiti haukutupwa, ulipewa mwingine aumalizie, na jina lake likaondolewa. Alibaki daktari wa kawaida wa wodi ileile. Wodi akapewa yule wa redio.

Sitasema kwamba mambo yalitengemaa. Mwezi wa kwanza karatasi zilionyesha namba za kila aina, kumi na nane, ishirini na tano, thelathini. Wauguzi walisimama kwenye vitanda wakitazama saa. Lakini walikuwa bado wawili, na vitanda bado arobaini. Mwezi wa tatu alinambia, bila kuulizwa, kwamba ishirini zimeanza kurudi. Profesa akikutana naye ukumbini humsalimia kwa adabu na hamwulizi kitu.

Sista wa wodi ndiye aliyebadilika kidogo. Nilikutana naye sokoni anachagua vitunguu.

"Mkweo yule," alisema, "hana akili ya maisha hata kidogo."

"Hivyo?"

"Watu wanatafuta wodi, yeye kaitapika. Lakini sasa kuna wasichana wawili kwenye zamu yangu, wakikosea dawa, hawaji kwangu. Wanakwenda kwake kwanza, halafu anakuja nao kwangu. Zamani walikuwa wanaficha." Akatupa kitunguu kibovu pembeni. "Bado sijampenda, usidhani."

Mwanangu aliporudi safari alikaa nami kutwa nzima, hajui aanzie wapi. Mwisho akaanza.

"Baba, umemsamehe?"

"Ndiyo."

Siku ile ilikuwa kweli. Siku nyingi ni kweli. Anakuja kila Jumapili, anafua mapazia, ananisomea barua za pensheni, anachoma chakula tunakila hivyohivyo. Lakini ziko Jumapili ambazo nimeamka na ule mkono wa mke wangu, nenda, nenda, na namsikia mkwe wangu anabisha hodi na miguu yangu haisogei. Naketi. Najua yuko pale, naona kivuli chake chini ya mlango.

Habishi mara ya pili. Anangoja tu, mpaka niweze.